Kwa nini ubongo uleule hugeuka ghafla ukaingia kifafa? Tujadili modeli za hesabu

#1 Namba_Tasa
Habari za jioni, wanajamvi. Nina swali ambalo ningependa watu wa tiba, wa fizikia na wa programu walijibu kwa pamoja, kwa sababu nimeona kila upande una jibu lake na hausikilizi upande mwingine.

Mtu mwenye kifafa anaweza kukaa wiki kadhaa akifanya biashara yake, akicheka na wenzake, akilala na kuamka kama mtu mwingine yeyote. Kisha, kwa dakika moja au mbili, ubongo wake unaingia katika mawimbi makubwa ya umeme, unatoka, na baada ya kupumzika mtu yule anarudi kwenye shughuli zake. Katika kipindi hicho chote niuroni zake, yaani seli za neva za ubongo, ni zilezile na miunganiko baina yake ni ileile. Kilichobadilika ni mwenendo. Mwaka 1977 Michael Mackey na Leon Glass walieleza kwamba yapo magonjwa ambayo asili yake ni mfumo mzima kuhamia mwenendo mwingine pale kigezo kimoja kinapovuka kiwango fulani, na watafiti wengi wa kifafa wameufuata mtazamo huo.

Nimeandika kwenye kompyuta yangu modeli ya Jansen na Rit ya mwaka 1995. Modeli hiyo haihesabu niuroni moja moja, bali inafuatilia makundi matatu: seli kuu za piramidi, seli zinazochochea na seli zinazozuia. Kwa vigezo vya kawaida, nguvu ya uchochezi ikiwa milivolti 3.25 na ya uzuiaji milivolti 22, yanatokea mawimbi ya alfa, yale ya ubongo uliotulia, yanayofanana na yale ambayo Hans Berger aliyarekodi kutoka vichwani mwa watu kule Jena katika miaka ya 1920. Nikiongeza nguvu ya uchochezi kidogo kidogo na kuyaacha mengine yote kama yalivyo, mawimbi yanaanza kurusha vilele vikali, kwanza kimoja kimoja, halafu mfululizo.

Dai langu ni kwamba kifafa ni niuroni bilioni 100 zinazopiga kwa pamoja baada ya uwiano wa uchochezi na uzuiaji kuharibika, na kwamba modeli moja ya aina hii inatosha kukieleza. Swali langu ni nini hasa kinachousukuma ubongo uvuke mpaka leo na si jana.

#2 Kalamu_Nyekundu
Mada imekuja wakati wake, lakini tusahihishe msingi kabla ya kupandisha kuta. Idadi ya bilioni 100 ilirudiwa vitabuni kwa miongo mingi bila mtu kuonyesha ilikotoka. Mwaka 2009 timu ya Suzana Herculano-Houzel wa Brazil ilisaga bongo za binadamu waliofariki hadi zikawa kiowevu, ikahesabu viini vya seli, ikapata wastani wa bilioni 86. Kati ya hizo, takriban bilioni 69 zimo katika serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, na bilioni 16 tu ndizo zilizomo katika gamba la ubongo, ambalo ndilo linalozungumzwa sana tunapojadili kifafa. Kwa hiyo hata kama mtu angeanguka kifafa kikubwa kuliko vyote, niuroni zake nyingi zaidi hazimo katika hesabu unayoifikiria.

Maneno "zinazopiga kwa pamoja" nayo nina ugomvi nayo, ila nitayarudia baada ya kusikia wengine.

#3 Mzee_wa_Kalkulasi
Vijana mmeingilia mlango wa uani. Huwezi kuzungumzia makundi ya niuroni bila kupita kwa niuroni moja, na niuroni moja ina milinganyo yake tangu mwaka 1952, iliyoandikwa na Alan Hodgkin na Andrew Huxley kutokana na akzoni ya ngisi, yaani uzi mrefu wa niuroni unaopitisha msukumo, ambayo ni nene kiasi kwamba unaweza kupenyeza waya mwembamba ndani yake. Milinganyo ni minne: mmoja wa volteji na mitatu ya malango ya sodiamu na potasiamu, jinsi yanavyofunguka na kufunga kadiri volteji inavyobadilika. Kompyuta ya Cambridge haikupatikana wakati huo, hivyo Huxley alikokotoa msukumo mzima wa neva kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Hesabu ikatabiri kwamba msukumo utasafiri kwa mita 18.8 kwa sekunde. Kipimo halisi kilikuwa mita 21.2. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote na bado sijaona nadharia ya kiumbe hai iliyokaribia ukweli kiasi hicho kwa kalamu na karatasi.

Katika milinganyo hiyo kuna jambo ambalo Namba_Tasa ameliruka. Ukiisukuma niuroni kiasi, inapiga. Ukiisukuma zaidi ya kiasi, inanyamaza, kwa sababu malango ya sodiamu yanabaki yamefungwa na hayapati nafasi ya kujirudisha. Sasa fikiria seli zinazozuia zikisukumwa kupita kiasi. Zitanyamaza, na wakati huo uzuiaji utaanguka wote kwa mara moja. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo kifafa kinapozaliwa. Hauhitaji kuongeza nguvu ya uchochezi hata kidogo. Unahitaji tu walinzi kuzidiwa.

#4 Fundi_EEG
Nachangia kutoka kwenye mashine, kwa kuwa kazi yangu ni kupima EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kutoka juu ya kichwa. Ninapima kichwa kwa utepe, ninaweka alama kwa penseli, ninabandika elektrodi kwa jeli, halafu ninakaa kutazama mistari. Katika kifafa kile cha watoto cha kuduwaa, mistari huwa ya kawaida kabisa, kisha ndani ya muda usiozidi kupepesa jicho inakuwa kilele na wimbi, kilele na wimbi, mara 3 kwa sekunde, kichwa kizima, mbele hadi kisogoni. Mtoto ametoa macho, hajibu. Baada ya sekunde kumi hivi mistari inarudi ilivyokuwa, na mtoto anaendelea na sentensi aliyoiachia katikati.

Namna ya kukiita kifafa hiki inajulikana kwa kila fundi: ninamwambia mtoto avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika tatu, huku nikimshikisha karatasi nyembamba aipeperushe kwa pumzi yake ili asichoke mapema. Kabonidayoksaidi katika damu inashuka, mishipa ya damu ya ubongo inabana, na kwa watoto wengi wenye tatizo hili mawimbi ya mara 3 yanajitokeza kabla dakika hazijaisha. Ninaomba wenye modeli wanieleze: hapo nimegusa kigezo gani? Maana kwa aina nyingine za kifafa, pumzi zilezile mara nyingi hazifanyi kitu.

#5 Mama_Ifakara
Asante Fundi, umenieleza mwanangu bila kumwona. Kwa zaidi ya mwaka mwalimu wake alikuwa akituandikia kwamba mtoto anaota mchana na hana bidii. Alipopelekwa kwenye kituo kimoja cha afya alipewa kabamazepini, na badala ya kupungua, zile nyakati za kuduwaa ziliongezeka hadi tukaziona mezani wakati wa kula. Daktari mwingine alipompima na kumbadilishia dawa, zikatulia. Mimi si mtu wa hesabu, lakini nauliza: kama kifafa ni kitu kimoja, na uwiano mmoja umeharibika, dawa ya kifafa inawezaje kuzidisha kifafa?

#6 Kalamu_Nyekundu
Mama Ifakara ameuliza swali linalovunja dai la #1 kwa pigo moja. Kabamazepini inajulikana kuzidisha kifafa cha kuduwaa, na sababu inaeleweka kwa sehemu. Mawimbi yale ya mara 3 kwa sekunde yanatokana na mzunguko baina ya gamba la ubongo na thalamasi, kituo cha katikati kinachopokea na kupeleka taarifa. Seli za thalamasi zina malango ya kalsiamu ambayo hayafunguki mpaka seli iwe imezuiwa kwanza; uzuiaji ukiondoka, seli inalipuka kwa mfululizo wa misukumo, ambayo inaamsha seli za kuzuia, ambazo zinazuia tena, na gurudumu linazunguka. Kwa hiyo katika aina hii uzuiaji ni sehemu ya injini. Ndiyo maana hata dawa za kuongeza uzuiaji kama vigabatrini na tiagabini zinaweza kuizidisha. Dada Namba_Tasa, kwa modeli yako ungetabiri kinyume.

#7 Namba_Tasa
Kwa modeli yangu ningetabiri kinyume kwa sababu haina thalamasi ndani yake, na zipo modeli zilizoiweka. Kundi la Peter Robinson na Michael Breakspear wa Australia lilionyesha mwaka 2006 kwamba milinganyo ya gamba pamoja na thalamasi, ikisukumwa upande mmoja inatoa mawimbi ya mara 3 kwa sekunde, na ikisukumwa upande mwingine inatoa mawimbi ya haraka kama ya kifafa kikubwa cha kukakamaa. Mfumo mmoja una milango miwili ya kutokea. Swali langu la msingi bado limesimama: ni nani anayeusukuma?

#8 Msimbo
Labda hakuna anayeusukuma. Hayati Fernando Lopes da Silva wa Uholanzi na wenzake, Suffczynski na Kalitzin, walijenga mwanzoni mwa miaka ya 2000 modeli yenye hali mbili zilizokuwepo kwa wakati mmoja, ya kawaida na ya kifafa, kwa vigezo vilevile. Fikiria mtumbwi. Mtumbwi una namna mbili za kutulia majini: ukiwa wima na ukiwa umepinduka. Hauhitaji kuharibika ili upinduke. Unahitaji wimbi moja lililokuja vibaya. Na ubongo haukosi mawimbi, kwa sababu kila niuroni inapokea maelfu ya misukumo ya nasibu.

Nadharia hii ina uzuri mmoja: inaweza kupimwa. Kama kuvuka ni kwa nasibu tupu, basi kukaa siku kumi bila kuanguka hakumwongezei mgonjwa uwezekano wa kuanguka kesho wala hakumpunguzii. Vipindi vifupi baina ya kifafa na kifafa vitakuwa vingi, na virefu vitapungua kwa uwiano uleule kila siku inayoongezeka. Kuna upande mchungu pia: kama ni hivyo, hakuna mashine itakayotabiri kifafa kabla hakijaanza, kwa kuwa hakuna dalili ya kutangulia.

#9 Mbeba_Boksi
Salamu kutoka Ufaransa. Msimbo, hapa Marseille kuna watu watakaokupinga mchana kweupe. Viktor Jirsa na wenzake walichapisha mwaka 2014 modeli waliyoiita Epileptor. Ina vigeu vitano, yaani namba tano zinazobadilika kadiri muda unavyokwenda. Viwili vinakwenda kasi na kutoa misukumo ya haraka, viwili vinakwenda kwa mwendo wa kati na kutoa kilele na wimbi, na cha tano kinakwenda polepole sana, kikijazika wakati wa kifafa na kupungua baada yake. Kigeu hicho cha polepole ndicho kinachouleta mfumo hadi mahali ambapo hali ya kawaida inatoweka kabisa, na ndicho kinachoutoa tena. Kwa hesabu yao, kifafa kinavyokaribia kuisha, nafasi baina ya vilele huzidi kupanuka, na hivyo ndivyo rekodi za samaki wadogo, za panya na za binadamu zilivyoonyesha. Wimbi lako la nasibu halielezi kwa nini kifafa kinaisha kwa namna inayofanana hivyo.

#10 Binti_Makunduchi
Nyinyi mnaozungumzia mtumbwi mnaonekana hamjawahi kupinduka. Mtumbwi ukilemewa upande mmoja, wimbi dogo ambalo jana lilipita chini yako bila kulisikia ndilo linalokumwaga leo. Msimbo anatazama wimbi, Mbeba_Boksi anatazama shehena inayohama taratibu, na mwenye mtumbwi yuko majini akiwasubiri mkubaliane.

#11 Mzee_wa_Kalkulasi
Binti Makunduchi amesema kwa mistari mitatu kile ambacho vitabu vinakisema kwa kurasa thelathini. Lakini tuwe waangalifu: yakikubalika yote mawili, tutakuwa na nadharia isiyokanushika, maana kila matokeo yatakuwa na pa kukaa. Mbeba_Boksi, kigeu hicho cha tano ni kitu gani mwilini? Herufi z wanayokiandikia kwenye karatasi haina damu.

#12 Mbeba_Boksi
Mzee, wenyewe hawakukipa jina la kitu kimoja. Walisema kinawakilisha mambo yanayobadilika polepole nje ya niuroni na ndani yake: ioni, oksijeni, nishati. Nakiri ni sehemu ambayo wakosoaji wanaishika kwa mikono miwili.

#13 Fundi_EEG
Basi mimi nakipa jina: potasiamu. Kila niuroni inapopiga, potasiamu inatoka nje. Katika hali ya kawaida kiasi chake nje ya seli ni takriban milimoli 3 kwa lita, na wakati wa kifafa kimepimwa katika wanyama kikipanda hadi 10 au 12. Potasiamu ikiongezeka nje, niuroni zinakaribia kizingiti cha kupiga, zinapiga zaidi, zinamwaga nyingine zaidi. Halafu pampu za seli na seli saidizi za glia zinaisafisha, na zinapozidi kufanya kazi zinazivuta niuroni mbali na kizingiti, na hapo kifafa kinazimika. Ukiunganisha jambo hili na milinganyo ya Hodgkin na Huxley, bila kubuni herufi mpya, unapata vipindi vya kifafa vinavyoanza na kuisha vyenyewe. Tena linakubaliana na lile la Mzee kuhusu walinzi wanaozidiwa, kwa sababu ni potasiamu hiyohiyo inayoweza kuwanyamazisha.

#14 Kalamu_Nyekundu
Fundi, unahitaji kutuonyesha kwamba potasiamu inapanda kabla. Vipimo vingi vinaionyesha ikipanda baada ya misukumo kuanza, yaani inaelezea vizuri kuendelea na kuisha kwa kifafa, lakini kuhusu kuanza inafika mahali moto umeshawaka.

Sasa ugomvi wangu wa #2. Theoden Netoff na Steven Schiff walichapisha mwaka 2002 vipimo vya jozi za niuroni katika vipande vya ubongo wa panya vilivyosababishiwa kifafa, wakakuta kwamba wakati wa kifafa chenyewe niuroni hizo zilikuwa zinapishana zaidi kuliko kabla yake. Mwaka 2011 Wilson Truccolo na wenzake waliangalia niuroni moja moja ndani ya ubongo wa wagonjwa waliowekewa elektrodi ndogo, wakaona wakati kifafa kinaanza baadhi zinaongeza kasi, baadhi zinapunguza, baadhi zinanyamaza. Kulingana kwa mpigo kunaonekana zaidi kuelekea mwisho. Kwa hiyo picha ya kwaya nzima inayoanza kuimba noti moja ni picha ya EEG ya juu ya fuvu, ambayo inajumlisha mamilioni ya seli na haiwezi kuona kinyume.

#15 Mzee_wa_Kalkulasi
Hapo umemgusa Kuramoto, na mimi nitamtetea kidogo. Yoshiki Kuramoto aliandika mwaka 1975 modeli ya vitu vingi vinavyozunguka kila kimoja kwa kasi yake, vikiwa vimeunganishwa kwa nguvu fulani. Nguvu hiyo ikiwa ndogo, kila kimoja kinakwenda kivyake. Ikivuka kiwango mahususi, ghafla sehemu ya kundi inashikana na kwenda sambamba. Ni hesabu ya kupendeza, na watu wengi wameichukua moja kwa moja wakaibandika kwenye kifafa. Lakini Kuramoto mwenyewe hakusema kila kinachozunguka ni ugonjwa. Usingizi mzito una mawimbi makubwa yanayokwenda sambamba kuliko vifafa vingi, na mlalaji haendi hospitali.

#16 Msimbo
Swali la pembeni kidogo: hizi ndizo neva bandia zilizompa mtu Nobeli ya fizikia mwaka 2024? Vijana wa akili mnemba wanadai ubongo wameshaumaliza.

#17 Kalamu_Nyekundu
John Hopfield alipata Nobeli hiyo pamoja na Geoffrey Hinton, na mtandao wake wa mwaka 1982 una uhusiano na mada hii kwa jambo moja: nao una hali nyingi za kutulia, na kila hali ni kumbukumbu moja. Zaidi ya hapo ni mbali. Mnyoo mdogo C. elegans ana niuroni 302, ramani ya miunganiko yake ilichapishwa mwaka 1986, na hadi leo hatuwezi kuikokotoa ikatupa mnyoo anayeishi kama mnyoo. Turudi kwenye kifafa.

#18 Tabibu_Kijijini
Nimesoma yote kwa makini, na kwa heshima naomba kuuliza mnaye nani mezani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wenye kifafa, na karibu asilimia 80 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kule Mahenge, Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaeleza watoto wanaotikisa kichwa kabla ugonjwa haujajulikana duniani, na utafiti wa baadaye umeuhusisha kwa nguvu na ugonjwa wa usubi unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito iendayo kasi. Kwingineko ni minyoo ya nguruwe inayoingia ubongoni, malaria kali ya utotoni, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mimi mgonjwa wangu anaanguka kwa sababu fenobabitoni imeisha kwenye kabati la zahanati tangu mwezi uliopita. Kigezo kilichovuka mpaka ninakifahamu, na hakiko kwenye milinganyo yenu.

#19 Mbeba_Boksi
Tabibu, hatukupingi. Lakini takriban theluthi moja ya wagonjwa hawatulii hata dawa zikiwa mezani kila siku. Kwa baadhi yao lililobaki ni upasuaji, na daktari wa upasuaji lazima ajue kipande gani cha kuondoa. Ufaransa ilianzisha mwaka 2019 jaribio la kitabibu liitwalo EPINOV: wanachukua picha za MRI za mgonjwa mwenyewe, wanajenga mtandao wa miunganiko ya ubongo wake, wanaweka Epileptor katika kila eneo, kisha wanaangalia kifafa kinaanzia wapi na kinaenea vipi kabla kisu hakijagusa ngozi. Huko modeli imeacha kuwa mchezo wa wanafunzi.

#20 Tabibu_Kijijini
Nimekuelewa. Siku MRI itakapofika tarafani kwetu nitaomba na hiyo Epileptor iletwe kwenye gari hilohilo.

#21 Mkilifi
Shukrani kwa mjadala. Dada yangu ana kifafa tangu utotoni, baada ya malaria iliyompanda kichwani, na mama amekuwa akiandika daftari la siku anazoanguka. Ukilifungua utaona siku zake zinakuja kwa mafungu: wiki kadhaa kimya, kisha mara mbili au tatu mfululizo. Nyumbani wazee wanasema ni mwezi mwandamo. Msimbo amesema kukaa muda mrefu bila kuanguka hakubadilishi uwezekano wa kesho, na daftari la mama halikubaliani naye.

#22 Kalamu_Nyekundu
Daftari la mama lina wenzake. Kule Melbourne, mwaka 2013, Mark Cook na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 15 waliowekewa elektrodi juu ya ubongo zikirekodi mfululizo kwa miezi mingi, na kifaa cha mkononi kikiwaonya kwa taa. Mwaka 2018 Maxime Baud na wenzake walichapisha uchambuzi wa vifaa vilivyopandikizwa kwa wagonjwa wa Marekani, wakakuta mizunguko ya polepole katika ubongo wenyewe, mingi yake ya siku 20 hadi 30, na vifafa vikielekea kutokea wakati mzunguko unapopanda. Ulikuwepo kwa wanaume na kwa wanawake. Ila kila mtu ana urefu wake wa mzunguko, na mwezi wa mbinguni ni mmoja kwa wote, kwa hiyo wazee watusamehe.

#23 Msimbo
Mizunguko haiui nadharia ya nasibu. Shehena ikihama polepole kwa siku 25, kizingiti kinapanda na kushuka, lakini siku na saa ya kuanguka bado inaamuliwa na wimbi. Ukichanganya siku mbaya na siku nzuri katika daftari moja utapata mafungu, hata kama ndani ya kila siku mambo ni ya nasibu tupu. Hii ndiyo sababu utabiri unaoaminika leo unatolewa kama uwezekano, mithili ya utabiri wa mvua, na hausemi "saa nane na robo".

#24 Namba_Tasa
Nimeweka vyote viwili kwenye modeli usiku huu. Katika toleo la kwanza vigezo havibadiliki na nimeongeza kelele, yaani mitikisiko ya nasibu. Katika toleo la pili kelele ni ndogo na kigezo cha uchochezi kinapanda polepole. Nimechapisha mistari miwili, nikaichanganya, na macho yangu hayakuweza kusema ni upi ulitoka wapi. Tofauti inapaswa kuonekana kabla ya kifafa: mfumo unaokaribia kupoteza hali yake ya kutulia hukawia kurudi kila unapotikiswa, hivyo mitikisiko yake inakuwa mikubwa na ya polepole zaidi. Toleo la pili linaonyesha hivyo; la kwanza halionyeshi.

Ila kwa binadamu halisi watafiti hawajapatana. Wilkat, Rings na Lehnertz wa Ujerumani waliandika mwaka 2019 kwamba hawakuona ushahidi wa kukawia huko kabla ya vifafa. Mwaka uliofuata Matias Maturana na wenzake, wakitumia zile rekodi ndefu za Melbourne, waliandika kwamba kukawia kupo, na kunafuata mizunguko ya siku na ya wiki.

#25 Fundi_EEG
Pengine wote wawili wamepima vizuri, lakini madirisha yao ya muda hayalingani. Ukitazama saa chache kabla ya kifafa huoni mteremko wa wiki mbili. Na mimi EEG yangu ni ya dakika thelathini, kwa hiyo msinitumie wagonjwa mkitarajia nitawapa jibu la Jirsa au la Lopes da Silva.

#26 Mzee_wa_Kalkulasi
Au ni magonjwa tofauti yanayovaa kanzu moja. Kundi hilohilo la Jirsa limeorodhesha aina 16 za vifafa kwa kuhesabu namna nne za kuingia na namna nne za kutoka, na baadaye wakaona mgonjwa mmoja anaweza kuwa na zaidi ya aina moja. Mnapogombania jibu moja, kwanza mniambie mnagombania kifafa kipi.

#27 Mama_Ifakara
Naomba kurudi chini kidogo. Mimi na Mkilifi tufanye nini chenye faida kwa haya yote? Nina simu na nina daftari.

#28 Fundi_EEG
Simu irekodi video ya tukio zima, mwanga uwepo, macho na mikono vionekane, na mtu mwingine awe anamlinda mtoto asijigonge. Daktari akiona video hiyo anaweza kutofautisha kuduwaa na kuota mchana kwa haraka kuliko kwa maelezo ya mdomo.

#29 Msimbo
Na daftari liwe na saa, si tarehe pekee. Liandikwe alilala saa ngapi, kama alikuwa na homa, na hasa kama kipimo cha dawa kilirukwa, kwa sababu dozi iliyokosekana ni shehena inayohamishwa na mkono wa mtu. Mkilifi, siku zisizo na tukio nazo ziandikwe kwamba hazikuwa na tukio. Na usiku ambao hakuna aliyekuwa macho uachwe wazi, usiandikwe kimya. Rekodi za Melbourne zilionyesha kwamba vifafa vingi vinapita bila mgonjwa kuvihesabu. Ukiniwekea hapa tarehe na saa bila majina, nitakuchorea vipindi vyake na tutaona vinaelekea kwa nani kati yangu na Mbeba_Boksi.

#30 Mbeba_Boksi
Usimpe Msimbo peke yake, Mkilifi. Nitume nakala na mimi, maana huyu ataona nasibu hata kwenye ratiba ya treni.